Nguruwe wa Pango la Noeli

Nianze na uchafu wangu mwenyewe, nisije nikaonekana mtakatifu huko mbele. Kazi yangu ni kuchora wanyama ukutani. Ukipita Mbinga mjini ukaona bucha lenye ng'ombe mwekundu anayecheka meno yote nje, ya juu na ya chini, huenda huyo ni wangu. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Nalijua hilo tangu nina miaka sita, maana niliingiza vidole mwenyewe mdomoni mwake nikapapasa. Lakini wenye mabucha wanataka meno. Wanataka ng'ombe afurahie kuchinjwa. Nimechora mbuzi aliyevaa kofia ya mpishi akigeuza nyama ya mbuzi mwenzake jikoni, na kuku aliyebeba sahani ya chipsi mayai huku akikonyeza jicho. Nikimaliza nafuta mikono kwa thina, nakusanya brashi zangu, naondoka haraka. Sipendi kukutana na wanyama hao macho kwa macho.

Tena kinyaa hiki hakiishii mjini. Shuka Mbamba Bay uone. Kuna nyumba ya wageni ufukweni ambayo mwenyewe aliniita nimpambie geti. Nikamuuliza anataka mnyama gani, nikitegemea atasema kenge, au fisi maji, au hata mbasa, samaki ambaye watu wa pale wakimpata hutembea kifua mbele. Akasema twiga. Twiga, kwenye mwambao wa Nyasa! Mtu amezaliwa pale pale, na twiga kamwona kwenye kalenda tu. Nilimjengea twiga wa zege, nikampaka madoa, nikamwekea kope ndefu za bibi harusi. Wageni wanapiga naye picha mpaka leo. Mimi nikipita pale naangalia upande wa ziwa.

Baba yangu hakunilea hivyo. Yeye ni mchongaji, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yake alichonga katika kijiji cha wavuvi kusini mwa Mbamba Bay. Alikuwa na sharti moja ambalo kila mtu pale kijijini alilijua: hachongi mnyama ambaye hajamshika. Kumwona hakukutosha. Kwa hiyo fisi maji akinasa kwenye nyavu akafa, wavuvi walimletea baba kabla hawajamtupa. Kenge akigongwa na pikipiki, aliletwa kwetu. Nyani aliyeuawa shambani, kwetu. Baba alimlaza mnyama juu ya jani la mgomba uani, kisha akaniita.

"Mama, lete mkono."

Mimi ni wajina wa mama yake mzazi, ndiyo maana tangu nizaliwe aliniita mama. Nilikwenda nikiwa nimebana pumzi. Namkumbuka fisi maji mmoja aliyekaa siku mbili majini kabla ya kuonekana. Tumbo lilikuwa limeumuka, manyoya yanateleza utelezi ule wa kambale. Baba alichukua vidole vyangu akavipenyeza katikati ya vidole vya yule mnyama ili niipate ile ngozi anayoogelea nayo. Akafungua mdomo akaniwekea dole gumba kwenye gego. Kooni kulikuwa bado na usipa, dagaa wa Nyasa, umeanza kuoza. Nilitapika pale pale, juu ya miguu ya baba. Akangoja nimalize, akanawa miguu, akanirudisha.

"Sasa fumba macho. Anza tena toka puani."

Kesho yake alichukua tezo. Fisi maji wake alitoka na shingo nene na kiburi chote cha mwizi wa samaki. Wavuvi walipokuja kumtazama walisonya. Walimchukia kama wanavyomchukia yule wa majini, na baba alifurahi siku nzima.

Mama yangu, Mmatengo wa huku milimani, alipofariki, macho ya baba nayo yakaanza kuzima. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Nikamchukua nikaja kukaa naye Mbinga. Alichukia baridi, alichukia ukungu, alichukia usipa unaofika huku umekauka kama vijiti. Alikuja na gunia la vifaa vyake na gogo moja la mninga alilolitunza miaka mingi. Gogo tukaliweka chini ya kitanda chake. Jioni alikuwa anainama analipapasa, analirudisha.

Kabla mvua hazijaanza, mwenyekiti wa kigango chetu alikuja nyumbani na katekista. Walikuwa wamechoka na wanyama wa plastiki wa pango la Noeli, waliovunjika miguu na kushikiliwa kwa waya. Walitaka wa mbao, wa kudumu. Mwenyekiti akatoa kadi yenye picha ya pango la Ulaya, theluji juu ya paa, akampa baba aishike. Baba akaishika kichwa chini.

"Tunataka ng'ombe, punda, kondoo na ngamia," mwenyekiti akasema.

"Nani kati yenu amewahi kumshika ngamia?" baba akauliza.

Katekista alisema aliwahi kumwona mmoja, alipokwenda Dodoma.

"Basi sitamchonga. Na punda simjui. Nitawapa niwajuao."

Mwenyekiti akacheka, akasema mzee ana utani, akamalizia chai yake. Sidhani kama alisikiliza hata neno moja. Watu wa vikao hawasikilizi. Wanangoja zamu yao ya kusema.

Ng'ombe na mbuzi baba alikuwa nao mikononi toka zamani, na aliwamaliza kwa vipande vya mbao alivyoletewa na kigango. Lile gogo la mninga hakuligusa. Akaanza kwenda kwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mgane mwenzake, ambaye nyuma ya nyumba yake, pale mteremko wa ngoro, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, unapoanzia, ana banda la nguruwe. Ndani kulikuwa na nguruwe jike mmoja, mkubwa, mwenye sikio lililochanika. Baba alikwenda asubuhi na fimbo yake akarudi saa ya kula. Wiki ya kwanza nilidhani anapiga soga. Halafu nikafuata harufu.

Alikuwa anaingia ndani. Mzee mzima, na magoti yake mabovu, alikuwa anakaa kwenye matope na mavi na pumba zilizochacha, mkono mmoja juu ya nguruwe. Nilipiga kelele. Jirani alisema hata yeye amemkataza, hakatazwi. Kuanzia siku hiyo viatu vyake vilibaki nje ya mlango, suruali nilizichemsha, mikono nilimsugua mwenyewe kwa sabuni ya unga. Na bado akikaa mezani harufu inakaa naye. Alimega ugali kwa vidole vile, na mimi, binti yake, nikasogeza sahani yangu. Hakuona, lakini alisikia sahani ikikwaruza meza.

Nguruwe alipozaa, jirani alinitumia ujumbe nimfuate baba. Nikamkuta amelala ubavu kwenye majani, mkono wake juu ya tumbo la yule mnyama, uso umejaa jasho kana kwamba wanazaa wote. Vitoto vilikuwa vinatoka na utando wao, vinajiburuta vyenyewe kwenye chuchu.

"Mama, njoo uweke mkono hapa," akasema. "Upesi, kabla hajatulia."

Kulikuwa na damu, na uvundo uliokuwa unaingia mpaka kwenye meno. Nilisimama mlangoni nimejiziba pua kwa kanga.

"Siwezi, baba."

Siku ya pili akaomba nimtolee gogo la mninga.

Alichonga mwezi mzima na zaidi, kwa vidole na patasi, ukumbini kwangu. Yule nguruwe alilala ubavu, mzito, na sikio lake lililochanika. Chuchu alizipanga kumi na mbili, safu mbili, ya juu iko wazi na ya chini imejificha karibu na sakafu. Pua ndiyo niliyoshindwa kuacha kuitazama. Ungeapa imelowa. Mbele ya tumbo aliacha bonde dogo, akalilainisha kwa msasa siku tatu, na nilipouliza la nini akaniambia ni la Mtoto.

"Noeli huku ni mvua na baridi. Kwenye banda lile nimeshika kila kona, na penye joto ni pale tu. Mimi ningekuwa mama yake ningemlaza pale."

Halafu akasema lile ambalo ndilo lilikuwa haja yake. Alisema huyu ndiye wa mwisho, vidole navyo vimeanza kufa ganzi. Alitaka siku ya Noeli apelekwe pangoni, amkute Mtoto amelazwa pale, aweke mkono juu ya wote wawili. Na watoto wa kigango wamshike nguruwe wake wapendavyo. Hakuomba kingine.

Siku tatu kabla ya Noeli nilipeleka wanyama kanisani kwa toroli. Ng'ombe alisifiwa. Mbuzi alisifiwa. Nilipofunua kanga juu ya nguruwe, kamati ilirudi nyuma hatua moja, wote, kwa pamoja.

"Nguruwe!" mwenyekiti akasema. "Mbele ya Mtoto!"

Mama mmoja wa kwaya akakumbusha kwamba kwenye Injili mapepo yaliwaingia nguruwe. Mwingine akatema mate nje ya mlango. Mimi nikamtazama mwenyekiti. Huyu mtu, kila Jumapili misa ikiisha, anavuka barabara moja kwa moja mpaka kwenye kitimoto, na namjua vizuri kwa sababu ukuta wa pale nimeuchora mimi. Nimemwona akitafuna mbavu mafuta yakimchuruzika mpaka kiwikoni, akilamba kiwiko, akiagiza nusu kilo nyingine. Nusu ya kamati ile ilisomesha watoto kwa nguruwe. Anawafaa kwa karo, anawafaa kwa ubwabwa wa harusi, anawafaa tumboni, ila mbele ya Mungu wanajifanya hawajawahi kutambulishwa. Nilijisikia kutapika kuliko siku ya fisi maji. Fisi maji alikuwa ameoza kwa haki yake.

Ningesema hayo yote, ningekuwa na kitu cha kujivunia leo. Sikusema. Mwenyekiti aliniambia kwa sauti ya upole, ile ya kumaliza mjadala, kwamba ama huyu anageuka kondoo, ama jikoni wana upungufu wa kuni za kupikia siku ya sikukuu.

"Wewe ni mtu wa rangi, dada. Malizana naye."

Nilijiambia namwokoa. Afadhali awe hai na vazi la kondoo kuliko awe majivu chini ya sufuria. Nilijiambia tena kwamba baba haoni. Hilo la pili ndilo lililonisukuma, na ndilo linalonitia kinyaa zaidi.

Nilifanya kazi kwenye stoo nyuma ya sakristia. Pua niliikata kwa msumeno. Mninga una harufu tamu ukikatwa, na ile harufu ilijaa stoo nzima. Nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikafinyanga mdomo wa kondoo. Sikio lililochanika nikaliziba. Chuchu za safu ya juu nilizikwangua kwa patasi ya baba mwenyewe. Za chini niliziacha. Hazikuonekana. Kisha nikanunua pamba duka la dawa, nikambandika pamba mwili mzima. Lile bonde la tumboni likafunikwa nayo, na Mtoto wakamweka kwenye hori la boksi, mbali. Nilipomaliza nikarudi nyuma kumtazama, ndipo nikaona nimemfinyangia tabasamu. Sikukusudia. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Nyumbani baba akauliza, "Wamempokeaje?"

"Wamempenda, baba."

"Watoto wanamshika?"

"Wanamshika."

Wakati huo pango lilikuwa limeshazungushiwa utepe unaong'aa na karatasi iliyoandikwa USIGUSE. Siku mbili zile niliomba mvua kubwa, barabara ikatike, tusiende. Mvua ikanyesha usiku ikakoma alfajiri. Asubuhi ya Noeli baba alivaa koti lake la harusi na kunyoa ndevu mwenyewe kwa kupapasa.

Misa ilipokwisha akanishika bega. "Mama, nipeleke kwake."

"Watu ni wengi, baba. Tungoje wapungue."

"Nimengoja tangu umchukue."

Tukaenda. Mwenyekiti alikuwa kando ya pango akipokea pongezi. "Shikamoo mzee, heri ya Noeli! Kazi yako imependeza mno." Baba akaitikia marahaba, akapiga magoti, tumbo lake likasukuma utepe ukakatika. Watoto wakasogea. Jirani yetu mwenye nguruwe naye alikuwepo, amesimama nyuma yangu, kofia mkononi, haelewi anachokiona.

Baba alimpata ng'ombe kwanza, akampigapiga shingo. Akampata mbuzi. Mkono wake ukaendelea upande wa kulia, na ukatua kwenye pamba. Akautoa haraka, kama mtu aliyegusa mtu asiyemjua gizani.

"Wamemfunika?"

"Ni pamba tu, baba. Pambo."

Akarudisha mkono. Akapanda nao mpaka kichwani. Akatafuta pua. Alitafuta muda mrefu, akirudi nyuma, akianza upya toka shingoni, kwa sababu mkono wake ulijua pua iko wapi na haikuwepo. Kidole chake kikaangukia kwenye mdomo niliofinyanga, kikafuata ule mkunjo toka kona hadi kona.

"Huyu anacheka nini?" akauliza.

Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamfinya. Baba akashuka na mkono hadi tumboni, akachana pamba, chini, kwenye sakafu, akazipata chuchu za chini. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Moja, mbili, mpaka sita. Ndipo alipojua ni nguruwe wake.

"Nani amefanya hivi?"

"Mafundi," nikasema. "Waliletwa mafundi."

Mwenyekiti akanitazama. Hata yeye aliona aibu, akaangalia viatu vyake. Baba akanyoosha mkono nimwinue, nikampa wangu. Hakusimama. Akaugeuza mkono wangu kiganja juu, akapitisha dole gumba kwenye ncha za vidole vyangu, kimoja kimoja, bila haraka, kama alivyonifundisha kumsoma mnyama. Ile gundi haitoki kwa thina. Ilikuwa imeganda kwenye kila kidole, na chini ya ukucha wa gumba kulikuwa bado na uzi wa pamba.

Akaniachia.

"Jirani," akaita kwa sauti, uso akiuelekeza upande mwingine. "Kama upo, nishike mkono nirudi nyumbani."

Jirani alimshika. Wakatoka taratibu katikati ya watu, na watu wakawapisha. Mimi nilibaki nimepiga magoti pale na wale wanyama, na katekista akaanza kufunga upya utepe.

Sikukuu zilipopita nilimrudisha nguruwe nyumbani. Nilimbandua pamba, nikamtoa ule mdomo wa kondoo, akabaki na kichwa kilichokatwa. Baba siku hizi anashinda kwa jirani, kwenye benchi nje ya banda. Nikimwambia shikamoo anaitikia marahaba, na baada ya hapo hakuna lile neno mama. Akipita ukumbini fimbo yake humgonga nguruwe, naye humzunguka, hainami.

Kipande cha lile gogo la mninga kilibaki. Nilikichukua asubuhi moja nikakaa nacho, patasi mkononi, nimtengenezee pua. Nikashindwa hata kuanza. Nimechora nguruwe chungu nzima kwenye kuta za kitimoto, wote wana pua ya duara yenye matundu mawili, kama kifungo cha koti. Sikujua matundu yanafungukia upande gani. Sikujua pale juu ni pagumu au ni palaini.

Nikaweka patasi chini nikaenda kwa jirani. Baba alikuwa kwenye benchi lake. Nilimsalimia, akaitikia, nikampita nikafungua mlango wa banda na kuingia na viatu vyangu vya kwenda mjini. Nilizama mpaka kwenye vifundo. Yule nguruwe aliinua kichwa akanijia, na nilipopiga magoti matope yalipenya kwenye gauni, ya baridi, na kitu kingine cha moto ndani yake. Nikafumba macho nikanyoosha mkono. Akaniwekea pua kiganjani, imelowa, inapumua.

Jirani alitokea dirishani kwake na kikombe cha chai.

"Mama mchoraji, umepoteza nini humo?"

"Pua," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye benchi.

Nikangoja. Kwenye benchi hakuna aliyejibu.